Maneno ya Uso wa Barometa

Yuko fundi ambaye kazi ya mikono yake ni kweli na maandishi yake ni uongo. Je, ahesabiwe mkweli au mwongo? Swali hili lakaa ndani ya barometa zilizotundikwa katika nyumba za Uingereza karne ya 19.

Mafundi wake wengi walikuwa Wataliana waliohama kando ya ziwa Como. Torricelli alikwisha kueleza mwaka 1644 kwamba uzito wa hewa ndio uinuao zebaki katika bomba la kioo. Kazi yao ilikuwa kuifanya zebaki hiyo iseme kweli. Katika barometa bora ilichemshwa ndani ya bomba ili hewa na unyevu vitoke, kwani kiputo kimoja huharibu kipimo chote. Mvuke wake ni sumu, nao waliuvuta. Watu hao hawakuudharau ukweli.

Lakini usoni mwa chombo waliandika: inchi 28, tufani, 29, mvua, 30, hali njema. Zebaki haijui mvua. Yajua uzito wa hewa tu. Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, zebaki husimama karibu na inchi 25 hata jua likiwaka. Barometa ya namna ile, isiporekebishwa, ingetangaza tufani huko mwaka mzima.

Yamkini fundi atajitetea kuwa mnunuzi aliyataka maneno hayo, na chombo kisicho nayo kisingeuzika. Utetezi huu si mwepesi: mgeni mwenye njaa hana nguvu ya kushindana na desturi ya soko. Hata hivyo haumwondolei deni lote. Tajiri akidanganywa hulowa koti. Mvuvi akidanganywa hufa.

Robert FitzRoy, baharia aliyewekwa mwaka 1854 kuongoza idara mpya ya hali ya hewa ya Uingereza, alionya kwamba maneno yale yasitegemewe kuliko kupanda na kushuka kwa zebaki. Barometa alizowapelekea wavuvi maskini zilitengenezwa na Negretti na Zambra, na Negretti alikuwa mzaliwa wa Como. Kioo kilikuwa kioo kile kile, na zebaki ile ile. Maandishi ndiyo yaliyobadilika: ikipanda, ukavu au upepo mdogo, ikishuka, mvua au upepo mwingi, na chini yake, kwa herufi zilizo wazi, isipokuwa mvua itokayo kaskazini-mashariki.