Sauti Isiyo na Shahidi

Sauti ni mali ya watu wengi. Ngoma ikipigwa Ndera, katika bonde la Mto Tana, aliye shambani huisikia na aliye mtumbwini huisikia, na kila mmoja aweza kuwa shahidi wa mwenziwe. Walakini iko sauti yenye msikiaji mmoja tu. Huvuma kama nyuki, hulia kama nyenje, au hupiga mbinja sikioni mwa mtu, na jirani aliyeketi naye juu ya mkeka mmoja hasikii kitu. Je, msomaji, sauti ya namna hii ni kweli au ni uwongo? Swali hili ni dogo kwa mzima. Kwa mgonjwa ni kubwa.

Elimu ya utabibu hujibu kuwa ni kweli. Ndani ya sikio, mahali palipojizungusha kama gamba la konokono, vimo vinyweleo vyembamba mno ambavyo kazi yake ni kupokea sauti zipelekwe kwenye ubongo. Makelele, uzee, na baadhi ya dawa huviharibu. Kwinini, iliyokuwa dawa mashuhuri ya malaria, ilijulikana tangu zamani kwa kuvumisha masikio ya walioimeza. Nta ikiziba sikio yaweza kuleta mlio vilevile. Wataalamu wengi huona kuwa ubongo ukipungukiwa na sauti za nje hutega sikio zaidi, hata ukasikia mvumo wake wenyewe. Basi mwenye mlio huo hakurogwa, wala hana wazimu, wala hasemi uwongo.

Ikiwa ni hivyo, haki ya kwanza ya mgonjwa ni kuaminiwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumfikiri mkulima wa Ndera aliyesimama miaka mingi karibu na injini ya kupandishia maji ya mto shambani. Usiku, kijiji kinyamazapo, ndipo sikio lake lianzapo kelele. Akisema, huchekwa, akinyamaza, hudhaniwa ana kiburi. Anayemcheka humwongezea upweke juu ya maradhi. Na upweke huo haukutoka sikioni mwake, umetoka kwetu.

Lakini mgonjwa naye ana wajibu wake. Mara nyingi mlio huu hauna dawa ya kuukomesha kabisa, ila waweza kuzoewa. Ukiogopwa, huzidi, ukiachwa bila kujaliwa, hufifia kidogo kidogo, kama kelele za kinu cha kusagia unga zinavyofifia kwa akaaye karibu nacho. Kwa hiyo asijifungie katika kimya kitupu. Upepo katika migomba, vyura wa mtoni, au redio iliyopunguzwa sauti, humsaidia kulala. Azibe masikio penye mashine. Amwone daktari achunguzwe. Wala asikawie ikiwa mlio ni wa sikio moja tu, au huenda pamoja na mapigo ya moyo, au usikivu umepotea kwa ghafula.

Ludwig van Beethoven, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Ujerumani, alimwandikia rafiki yake mwaka 1801 kuwa masikio yake yalivuma mchana na usiku. Alihuzunika sana, hata akakimbia mikutano ya watu. Hata hivyo hakuacha kutunga. Na mwaka 1824, akiwa kiziwi, Simfonia yake ya Tisa ilipigwa mbele ya watu mjini Vienna. Mvumo ulikuwa mpangaji katika nyumba yake. Hakuuruhusu uwe mwenye nyumba.

Nawe, msomaji, mwenzio akikuambia habari ya sauti usiyoisikia, usimdai ushahidi. Muulize humsumbua saa ngapi, kisha ukae naye saa hiyo. Na sauti hiyo ikiwa ni yako, iseme bila haya, halafu urudi kazini. Maumivu ya mtu hayangoji mashahidi wawili ndipo yawe kweli.