Usafi na Kipimo Chake

Usafi wa kitu hujulikana kwa kipimo, na kila kipimo hujibu swali moja tu. Kemia ya sekondari imejaa mifano ya jambo hili, ingawa ni nadra kuelezwa hivyo darasani.

Kanuni inayokaririwa ni kwamba maji safi huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Mwanafunzi wa Newala akichemsha maji yaliyokenekwa, kipimajoto chake kitatulia karibu na nyuzi 98. Maji hayana kasoro. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, mamia ya mita kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko ya Mtwara mjini, kwa hiyo maji huwahi kuchemka. Akitia chumvi, kiwango cha kuchemka kitapanda, na kwa zaidi kidogo ya gramu 100 katika lita moja atafika 100 kamili. Kwa kanuni ile ya kukariri, maji yaliyokolea chumvi yatakuwa yamefaulu na yale safi yamefeli.

Vipimo vingine navyo vina mipaka yake. Salfeti ya shaba iliyokaushwa, ambayo ni nyeupe, hugeuka buluu ikiguswa na maji, lakini itageuka vilevile ikidondoshewa uraka wa mabibo: inasema maji yamo, haisemi kuna nini kingine. Kabonidayoksaidi hutambuliwa kwa kuyafanya maji ya chokaa kuwa kama maziwa. Gesi inayotoka salfa ikiungua, salfa ileile inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiri unga, huyafanya hivyohivyo, na kinachoitofautisha kwanza ni harufu yake kali. Ndiyo maana mpimaji makini haridhiki na ishara moja.

Swali la usafi linaulizwa pia msikitini. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani na kusini, huyaangalia maji kwa rangi, ladha na harufu. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yanafaa kwa udhu. Maji ya waridi, hata yakikenekwa kwa uangalifu wa maabara, hayafai. Mkemia akishangaa, amesahau kwamba hakuulizwa yeye. Fiqhi haitafuti maji yasiyo na kitu kingine ndani yake. Inatafuta maji ambayo bado ni maji tu, kama yalivyoshuka au yalivyobubujika.

Swali gumu kuliko yote liliwakabili Waanglikana wa Masasi. Misheni yao ya UMCA ilifika huko mwaka 1876, katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, watu ambao kwao kijana asiyepita jando hakuhesabiwa kuwa mtu mzima. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakutaka kulipiga jando marufuku. Alilichukulia kama mchanganyiko: tohara, kambi ya porini na mafunzo vibaki; matambiko na yaliyoonekana machafu yaondolewe, na sala za kanisa zishike nafasi yake.

Hapo ndipo tofauti ya kemia kati ya mchanganyiko na msombo inapokuwa na kazi. Mchanga na chumvi ni mchanganyiko. Vikitiwa maji, vikachujwa, maji yakakaushwa, kila kimoja hurudi kikiwa kilekile. Maji ni msombo. Umeme unaweza kuitenga haidrojeni na oksijeni, lakini zikishatengana, maji hayapo. Je, mizimu na mafunzo ya jando vilikuwa vimechanganyika tu, au vilikuwa vimeungana? Lucas alidhani la kwanza. Kwa wavulana mpango wake ulishika. Kwa unyago wa wasichana, wenye siri zilizoshikwa na wanawake wenyewe, kazi ilikuwa ngumu zaidi.

Hata kwa wavulana, kusema kwamba jando lilisafishwa ni kusema zaidi ya ushahidi. Kijana aliyeombewa na kasisi hakupokea lile la babu yake likiwa limepunguzwa uchafu. Wazee waliokuwa wakitajwa katika tambiko ndio waliolipa jando mamlaka yake. Walipoondolewa, mamlaka hayo yalihamia kanisani. Kilichopatikana Masasi kilikuwa jando jipya.