Shahidi wa Wengi

Je, mmoja aweza kuwa shahidi wa wengi? Swali hili ni la zamani katika mabaraza ya wazee. Siku hizi limeingia hata katika kilimo.

Kivungulio ni nyumba ya mimea iliyofunikwa kwa karatasi ya plastiki ipitishayo nuru. Aionaye kwa nje hudhani hewa ya ndani ni moja. Sivyo. Mlangoni hupita upepo. Chini ya paa joto hupanda. Na katika pembe isiyopitiwa na hewa, unyevu hukaa juu ya majani ya nyanya, ukungu ukaanzia hapo. Mkulima huhitaji vihisi, yaani vyombo vidogo vya kupima joto na unyevu. Lakini vihisi ni mali, wala hawezi kununua kimoja kwa kila mche. Avitie wapi?

Wataalamu wamepata njia. Kwanza huweka vihisi vingi kwa muda, tuseme 50, na vipimo vyake hupewa kompyuta. Kwa wingi wa mifano hiyo, kompyuta hujifunza ni vihisi gani vichache vinavyotosha kukisia habari za vingine. Hivyo vichache hubakizwa, vingine huondolewa. Hii ni busara ya matumizi, wala haistahili lawama.

Lakini mashine iliyoambiwa itafute wawakilishi wa wengi huchagua panapofanana na pengi. Pembe yenye unyevu, kwa kuwa hali yake ni ya peke yake, yaweza kuhesabiwa kuwa kosa dogo ndani ya wastani mwema. Ikiagizwa itafute penye hatari, itatafuta hapo. Basi dhamana si ya mashine. Ni ya mwenye kuiagiza.

Jambo hili halikomi shambani. Kituo cha hali ya hewa cha Mombasa kipo katika uwanja wa ndege, upande wa Changamwe. Kwa desturi ya dunia nzima, kipimajoto cha kituo huwekwa kivulini, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi. Desturi hiyo ni njema, maana huwezesha mji kulinganishwa na mji. Lakini Likoni iko ng'ambo ya kivuko, na Kisauni ng'ambo ya daraja la Nyali. Mama wa huko alalaye na mtoto mchanga chini ya bati lisilo dari, katika joto la Machi, hayumo katika kipimo hicho. Tukitaja joto la Mombasa kwa kipimo cha kituo, tumesema kweli; tukidhani tumejua joto la mama yule, tumejidanganya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Haki haidai kila pembe iwe na chombo chake, maana haiwezekani. Hudai kwamba kabla ya kumnyamazisha shahidi, tuulize ni nani atakayeumia kwa kimya chake. Mkulima mwenye vihisi vitatu na atie viwili panapofanana na pengi, na cha tatu aкitie pale madhara yanapoanzia.

Nawe, mwanafunzi, siku moja utapewa kazi ya kuhesabu watu au kusema kwa niaba yao. Utafute wastani, kwa kuwa una manufaa. Kisha uende ukaitazame pembe.