Shaka ni ya Nani?

Mwaka 1981 mtafiti wa Kijapani, Takeshi Hirayama, alitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 14 wanawake 91,540 walioolewa ambao wenyewe hawakuvuta sigara. Kadiri mume alivyovuta kwa wingi, ndivyo mkewe alivyokuwa hatarini zaidi kufa kwa saratani ya mapafu. Mabishano yakazuka, na makampuni ya tumbaku yakayapalilia kwa fedha. Mwaka 2003 watafiti Enstrom na Kabat, wakitumia takwimu za California, walisema hawakuona uhusiano wa maana. Sehemu ya gharama zao ilitoka kwa makampuni hayo hayo ya tumbaku. Hilo peke yake halibatilishi hesabu zao. Ila tafiti nyingi zikijumlishwa, hatari ya saratani hiyo kwa asiyevuta anayeishi na mvutaji huzidi kwa asilimia 20 hadi 30.

Mpinzani atasema: asilimia 30 ya kitu kidogo ni kidogo. Kweli, maana saratani ya mapafu ni nadra kwa wasiovuta (ugonjwa wa moyo na pumu ya watoto ni habari nyingine). Lakini tazama anachotaka: anayedhurika athibitishe kwanza, ndipo anayefukiza aache. Kwa nini mzigo wa shaka abebeshwe yule ambaye hakuiwasha sigara wala hakuulizwa? Mvutaji amejichagulia hatari yake. Kumchagulia jirani hana idhini. Kanuni ya fikihi ya Kiislamu ya kutodhuru wala kudhuriana haisemi madhara yawe makubwa kiasi gani. Tena Mtume alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asikaribie msikiti, na hapo hapakuwa na ugonjwa wowote, ni harufu tu iliyowakera wenzake. Ikiwa kero ya saa moja ilitosha kumwekea mtu mpaka, sioni hoja ya kudai maiti zihesabiwe kwanza.

Wengine hutaja moshi wa kuni, ambao nao unaua. Sawa, lakini kuni zinapika chakula cha huyo huyo anayekohoa jikoni, na wengi hawana nishati nyingine. Dharura ya namna hiyo sigara haina.

Pingamizi zito ni la nyumbani. Sheria ya Tanzania ya 2003 na ile ya Kenya ya 2007 zinahusu zaidi mahali pa umma, nami nisingependa askari aingie sebuleni mwa mtu. Ila kukosekana kwa askari hakuondoi wajibu. Mtoto mchanga hawezi kutoka nje wala kulalamika, na kimya chake si ridhaa. Kufungua dirisha hakutoshi: ripoti ya mganga mkuu wa Marekani ya 2006 ilisema hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na hatari. Mvutaji akitoka uani, kinachompotea ni dakika chache.