Ngazi Saba Mbele ya Mlango

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, katikati ya amri kuhusu kiota cha ndege na amri kuhusu mbegu za shamba la mizabibu, ipo aya moja ya ujenzi. Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo juu ya paa, asije akabeba hatia ya damu iwapo mtu ataanguka kutoka huko. Mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa na watu waliyatumia. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya paa, chini ya mabua ya kitani, na Petro alipanda darini kule Yafa ili asali. Kwa hiyo ni amri ya maisha ya kila siku, kama vile sisi leo tungeambiwa tusiache kisima wazi. Lakini ndani yake mna jambo zito. Huyo anayeanguka hakusukumwa na mtu. Hakuna aliyemchukia. Huenda mwenye nyumba alikuwa amelala. Hata hivyo damu ni juu yake, kwa sababu alijenga bila kumfikiria atakayepita pale.

Tumeisoma aya hii miaka mingi bila kuihubiri. Chuoni tulijifunza mafundisho juu ya dhambi, tukaandika insha na kufanya mitihani, wala hakuna aliyetuuliza kama ngazi yaweza kuwa dhambi. Swali hilo tuliulizwa baadaye, na msharika aliyeishia darasa la nne.

Katika usharika tuliokuwa tukihudumu wakati huo, kanisa la zamani lilikuwa la tofali mbichi na sakafu ya udongo, mlango wake ukiwa sawasawa na ardhi. Kuku waliingia wakati wa mahubiri, na mvua ikinyesha tulisogeza mabenchi. Tulilionea aibu. Tukachangishana miaka sita: ahadi, bahasha, mnada wa ndizi na mayai baada ya ibada, akina mama wakauza maandazi, vijana wakasomba mchanga. Kamati ya ujenzi ilikuwa na watu kumi na mmoja, wote wanaume isipokuwa mhazini, na wote wenye miguu mizima. Kiwanja kina mteremko, nasi tulitaka jengo lionekane kutoka barabarani. Basi fundi akainua msingi, na mbele ya mlango mkubwa zikajengwa ngazi saba zenye vigae vinavyong'aa. Tulizisifu sana. Tulisema maharusi watapigia picha pale, na kweli wanapiga.

Bibi mmoja, ambaye polio ilimlemaza miguu tangu utotoni, alikuwa akija ibadani kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Katika kanisa la udongo aliingia nayo mpaka mbele, akaegesha karibu na kwaya. Siku ya kuweka wakfu kanisa jipya vijana wanne walimbeba juujuu kupanda ngazi, na watu wakapiga makofi na vigelegele. Sisi tulikuwa wa kwanza kupiga makofi. Jumapili ya pili wakambeba tena. Ya tatu wakachelewa, akasubiri chini mpaka somo la kwanza likaisha. Ya nne hakukaribia ngazi kabisa. Alikaa chini ya mwembe, upande wa kipaza sauti, na baada ya ibada tukampelekea Chakula cha Bwana pale pale. Tuliona ni tendo la upendo. Tukaendelea hivyo kwa miezi mingi.

Siku moja tulikwenda kumwona nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba mchungaji. Vuta kigoda."

Tukamuuliza kwa nini hataki tena kubebwa, maana vijana wapo tayari. Alikuwa akipepeta mchele, akaendelea mpaka ungo ukawa safi. Kisha akasema: "Baba, kuku wangu wawili waliuzwa kwenye mnada wa ngazi zile. Nilitoa kwa moyo. Sasa wakinibeba nguo inapanda, nami ni mtu mzima, wajukuu wangu wanatazama. Kwenye kanisa la udongo nilikuwa msharika. Kwenye hili nimekuwa mzigo. Hebu nifundishe: hiyo ni dhambi ya nani? Ya fundi, ya kamati, au ya miguu yangu?"

Tulikunywa chai, tukaomba, tukaondoka bila kumjibu.

Njiani tulijitetea, kama afanyavyo mtu aliyeguswa penye kidonda. Fundi alifuata ramani. Mchora ramani alifuata alichoambiwa na kamati. Kamati ilifuata matakwa ya washarika, na washarika walitaka kumjengea Mungu nyumba nzuri. Ukimchukua kila mmoja peke yake, hana kosa. Nchi yetu ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike na wote, lakini hakuna aliyeitaja katika vikao vyetu vyote, wala sisi tuliokuwa tukifungua vikao hivyo kwa sala. Hapo ndipo aya ya ukingo wa paa iliporudi kutusumbua. Mwenye nyumba hahukumiwi kwa nia yake. Anaulizwa kuhusu mtu ambaye hakumkumbuka.

Nasi Walutheri hatuna pa kujificha katika jambo hili. Watoto wetu wa Kipaimara wanakariri katika Katekisimo Ndogo kwamba amri ya tano haitoshi kutimizwa kwa kutomdhuru jirani; inadai pia tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Na Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, anahesabu nyumba pamoja na chakula na mavazi. Hatuwezi basi kusema kwamba saruji ni kazi ya mafundi na roho ni kazi ya wachungaji.

Tukarudi pia katika Matendo ya Mitume sura ya 3, somo tulilolihubiri mara nyingi kama habari ya muujiza tu. Kuna mlango wa hekalu unaoitwa Mzuri, na mbele yake kuna kiwete. Kila siku watu walimbeba, kila siku wakamweka pale. Luka anaeleza kubebwa kwake hadi mlangoni. Ndani aliingia siku aliyoweza kusimama. Tulipolisoma tena tuliona aibu, kwa sababu sisi nasi tulikuwa na mlango mzuri na mtu nje yake. Na wale wanne wa Marko sura ya 2, ambao tunawasifu kwa imani yao, walibomoa paa la nyumba ya watu kwa kuwa palikosekana njia ya kumfikisha rafiki yao kwa Yesu. Usharika unaotegemea mabega ya vijana kila Jumapili bado unamshusha mtu kwa kupitia darini.

Katika siku hizo kijana wetu mmoja aliyekuwa akisomea ujenzi alituletea habari za shule ya msingi ya Gando, kijiji kilichoko Burkina Faso. Mchoraji wake ni Diébédo Francis Kéré, mtoto wa kijiji hicho hicho. Wakati wa utoto wake Gando haikuwa na shule, hivyo alipelekwa mji mwingine, akasomea katika darasa la saruji lenye joto na msongamano mkubwa. Baadaye alikwenda Ujerumani kujifunza useremala, kisha akasomea usanifu wa majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuchangisha fedha, na mwaka 2001 shule ikakamilika. Mwenyewe amesimulia kwamba kila alipokuwa akiaga kijijini, wanawake walimpa sarafu ya mwisho waliyokuwa nayo. Tuliposoma hapo tulikumbuka kuku wawili.

Yeyote aliyesoma chini ya bati anajua shida aliyotaka kuiondoa. Saa sita mchana bati linamwaga joto vichwani, na mvua ikija mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu ya kelele. Kéré alijenga kuta kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, akaweka dari ya matofali yenye upenyo, halafu akaliinua bati juu zaidi, mbali na dari, lipate kuukinga mvua na jua huku upepo ukipita katikati na kuondoa joto. Haitaji umeme. Lakini kilichotugusa zaidi ni mwanzo wake. Wanakijiji walipinga udongo. Waliona nyumba zao za udongo zikimomonyoka kila masika, wakashangaa mtu aliyesoma Ulaya arudi na kitu kile kile walichotaka kukiacha. Ilimbidi akae nao, awasikilize, awaonyeshe, wajaribu pamoja. Mwishowe kijiji kizima kikajenga: watoto waliokota mawe ya msingi, wanawake walibeba maji na kutwanga sakafu mpaka ikawa laini. Mwaka 2004 shule hiyo ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker. Tuzo ni jambo jema. Sisi tulitazama zaidi kile kikao cha kwanza cha mabishano, kwa sababu sisi hatukuwa nacho.

Mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali la haki: kama shida ni maskini, kwa nini tusijenge kwa bei ndogo kabisa, na kinachobaki tukakigawa? Ni swali la zamani. Katika Yohana sura ya 12 ndivyo alivyouliza Yuda kuhusu marhamu ya Mariamu. Mzee wetu hakuwa Yuda, alikuwa mtu mwaminifu, na kwa hiyo alistahili jibu. Tulimpa mfano wa hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wachoraji wake walijua kwamba katika hospitali nyingi wagonjwa huambukizana kifua kikuu wakiwa wamebanana kwenye korido za ndani, wakisubiri. Basi wakaziondoa korido, wakaweka njia za nje zilizoezekwa, madirisha makubwa na dari za juu, hewa itembee. Vitanda vimeelekezwa madirishani, mgonjwa atazame vilima badala ya kumtazama mgonjwa mwenzake. Kuta ni za mawe ya volkano, ambayo wakulima wa eneo hilo waliyaona ni usumbufu shambani, nayo yalichongwa na mafundi wa huko huko waliolipwa ujira. Ni jengo zuri mno. Ukiuondoa uzuri wake, yaani ule mwanga, ile hewa na yale mandhari, umeondoa pia sehemu ya tiba. Maskini hahitaji kitu kibaya ili tuamini kwamba kweli amesaidiwa.

Sasa turudi kwenye ngazi zetu. Tulifanya haraka, na haraka ikatuaibisha. Fundi alimwaga zege la mteremko wa mita tatu juu ya ngazi, upande wa kulia, kwa siku mbili. Bibi alikuja kuujaribu, akapanda nusu, baiskeli ikaanza kurudi kinyumenyume, kijana mmoja akaidaka. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Baba, hapa mmenijengea bembea ya watoto."

Yule kijana wa ujenzi akatupigia hesabu ambayo tungepaswa kuipiga mwanzoni. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inahitaji angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi saba za sentimita 15 ni sentimita 105. Kwa hiyo mteremko unahitaji mita 12 na sentimita 60, ukiacha sehemu za kupumzikia. Urefu huo ungekula mahali wanapoegesha magari wazee wa kanisa na wageni wa dayosisi. Kamati ikapendekeza mlango wa ubavuni, karibu na sakristia, ambako ardhi iko juu na kuna ngazi mbili tu. Mita tatu na nusu hivi, fedha kidogo, magari yabaki. Hata sisi tuliona ni busara.

Safari hii tulimwita kikaoni. Akauliza mlango ule unapitisha nini. Tukamwambia ukweli: mifagio, jenereta, na vyombo vya kwaya. Akasema, "Mimi nitapita walikopita kuku wangu."

Tulibishana majuma matatu. Ubishi haukuwa wa magari peke yake, tusiwasingizie wazee. Fedha pekee zilizokuwepo zilikuwa zimetengwa kwa nyumba ya mwinjilisti wa mtaa mmoja, ambayo bati lake lilikuwa limetoboka na watoto wake walilala upande mmoja wa chumba kila mvua iliponyesha. Naye pia ni maskini, na nyumba yake pia imo katika ombi la mkate wa kila siku. Tuliamua kujenga mteremko mlango mkubwa, na mwinjilisti akasubiri masika mengine mzima. Tulikwenda wenyewe kumweleza. Alikubali kwa upole uliotuumiza kuliko kama angekasirika, na hadi leo tukipita mtaani kwake tunalitazama lile bati kabla ya kumsalimu. Sasa ni jipya.

Jumapili ya kwanza bibi alipanda polepole, akapumzika katikati, akaingia mpaka karibu na kwaya. Hakuna aliyepiga makofi; tuliwaomba washarika wasifanye hivyo. Nyuma yake walipanda akina mama wenye watoto mgongoni, wazee wenye fimbo, na mzee yule yule aliyeuliza kuhusu gharama, maana goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua na hakuwa amemwambia mtu. Wiki iliyofuata jeneza lilipandishwa hapo, na wabebaji hawakuyumba.

Baada ya ibada bibi alituita kando. Alikuwa ameshika kipande cha kamba chenye fundo, urefu wa upana wa baiskeli yake. Alikuwa amekwenda nacho chooni akaupima mlango, na kamba ilizidi kwa vidole vinne.