Pilipili Usiyoila

Pilipili usiyoila yakuwashiani? Mahakama za shirikisho za Marekani zimelifanya swali hilo kuwa bawabu. Ibara ya 3 ya Katiba yao inaziruhusu kuamua mashauri na migogoro tu, na kwa tafsiri ya Mahakama ya Juu, mdai sharti athibitishe mambo matatu: ameumia yeye mwenyewe, aliyesababisha ni huyo anayemshtaki, na hukumu itamfaa. Akishindwa, kesi haisikilizwi, hata kama sheria imevunjwa mchana kweupe. Je, haki ni ya aliyejeruhiwa peke yake, au ni ya kila anayeishi chini ya sheria?

Bawabu huyo ana hekima yake. Mwaka 1793 serikali ya George Washington iliwaomba majaji ushauri kuhusu vita vya Ulaya. Jaji Mkuu John Jay na wenzake wakakataa. Jaji hakupigiwa kura. Kazi yake ni kuamua kati ya wawili wanaovutana mbele yake, na akipokea kila manung'uniko atageuka mtawala asiyeweza kung'olewa kwa kura. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali.

Kasoro iko kwenye kipimo. Mwaka 1992, katika kesi ya Lujan, shirika la wanamazingira lilipinga kanuni iliyopunguza ulinzi wa wanyama walio hatarini katika miradi ya nje ya Marekani, likitegemea ushahidi wa wanachama wawili. Mmoja alikwenda Misri kwa ajili ya mamba wa Nile, mwingine Sri Lanka kwa ajili ya tembo na chui. Walisema watarudi, hawakutaja lini. Wakashindwa. Jaji Kennedy, aliyeunga mkono matokeo hayo, alikiri kwamba kudai tiketi ya ndege huenda kukaonekana jambo dogo. Jeraha likipimwa kwa tiketi, mwenye nauli ana haki zaidi ya asiye nayo.

Zito zaidi ni jeraha la wote. Katiba ya Marekani inaagiza hesabu za fedha za umma zitangazwe. Mlipakodi mmoja alipodai kutangazwa kwa matumizi ya shirika la ujasusi, CIA, alikataliwa mwaka 1974 kwa kura 5 dhidi ya 4: lalamiko lake ni la kila raia, basi alipeleke kwenye sanduku la kura. Lakini mpigakura atahukumu kwa lipi, ikiwa kilichofichwa ni hesabu zenyewe?

Watasema mlango ukilegezwa mahakama zitafurika. Kenya ilikuwa na bawabu kama huyo: mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alipinga jengo refu katika bustani ya Uhuru, akaambiwa hana haki ya kushtaki. Katiba ya 2010 ikaruhusu kesi kwa maslahi ya umma, na jaji bado anaweza kutupa kesi ya upuuzi. Jaji aulize kama jeraha lipo, asiulize kama mdai ameumia kuliko jirani zake. Pilipili iliyotiwa kwenye chungu cha wote, kila mtu ameila.