Je, Ni Haki Kumnyima Binti Shule?

Uchukuliwe mfano wa baba mmoja wa zamani, mkaaji wa kando ya mto Tshopo, karibu na Kisangani. Alikuwa na watoto wawili, na karo ya mmoja tu. Akampeleka mvulana shuleni. Msichana akabaki kutwanga sombe na kuteka maji. Miaka ilipopita, aliwaambia jirani zake: "Mnaona? Binti huyu hajui hata kuandika jina lake. Wanawake hawana akili ya kitabu."

Je, alisema kweli? La. Asiyepanda mpunga hawezi kuulaumu udongo wakati wa mavuno. Binti hakushindwa masomo; alinyimwa masomo, kisha akahukumiwa kwa kukosa kile alichonyimwa.

Kosa hilo halikuwa la wazazi peke yao. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, shule nyingi za wasichana, hata za misioni, zilifundisha hasa kushona, kupika na kutunza nyumba, huku wavulana wakitayarishwa kuwa makarani. Kazi za nyumbani ni njema. Lakini si haki kumchagulia mtoto njia kabla ya kuipima akili yake. Sophie Kanza, msichana wa kwanza wa Kongo kumaliza shule ya sekondari, alimaliza mwaka 1961, baada ya uhuru. Mwaka 1966 alikuwa waziri. Akili yake haikuzaliwa siku ya uhuru. Ilingoja mlango ufunguliwe.

Tena yuko Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939. Baba yake alimwacha mama yake kwa sababu alizaa wasichana tu. Mmoja wa mabinti hao waliodharauliwa alisoma, akawa sista, akafundisha watoto. Aliuawa Isiro mwaka 1964, na mwaka 1985 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Wengine husema: "Binti ataolewa, na elimu yake itakwenda kwa ukoo mwingine." Anayesema hivyo anamhesabu mtoto kama mali. Mungu hakumpa binti akili kwa faida ya ukoo tu. Alimpa yeye mwenyewe, na mzazi ni mtunzaji wake.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila karo. Lakini ndoo ya maji bado yamngoja binti arudipo kutoka shuleni. Basi, ndugu mkatekumeni, jiulize jioni hii: nyumbani mwako, ni nani atakayekwenda mtoni, ili dada naye apate kufungua daftari kabla ya giza?